Kupata TAN nchini India kabla ya mshahara wa kwanza

Wabia wawili niliokuwa nikiwawekea vitabu vya hesabu walifungua ofisi Surat, ya kununua vitambaa na kuvisafirisha Mombasa. Walimwajiri meneja kwa mshahara mnono. Tarehe 31 Julai wakamlipa, wakamkata kodi kama sheria inavyotaka, na fedha ile wakaiweka pembeni. Tarehe 5 Agosti nikafungua ukurasa wa kulipia kodi hiyo. Swali la kwanza lilikuwa TAN, namba ya mwajiri anayekata kodi, nasi hatukuwa nayo. Fedha ipo benki, siku ya mwisho ni keshokutwa, na hakuna njia ya kuifikisha serikalini. Tuliilipa mwezi uliofuata, pamoja na riba.

Kosa lilikuwa langu pia, maana nilidhani namba ya mlipakodi waliyokuwa nayo ingetosha. Sisi tuliozoea Afrika Mashariki tunajikwaa hapo hapo. Tanzania, TIN moja inatosha kwa kodi ya biashara na kwa kodi ya mishahara. Kenya, PIN ya KRA ni vivyo hivyo. India wametenganisha. PAN ni namba ya mlipakodi mwenyewe, ya kodi anayodaiwa yeye. TAN ni namba ya mtu anayekata kodi kwenye fedha za wengine na kuipeleka serikalini. Unaweza kuwa na PAN ya miaka kumi, ritani zako zote safi, na bado usiweze kulipa hata rupia moja ya kodi uliyomkata mfanyakazi.

TAN ina herufi na tarakimu kumi: herufi nne, tarakimu tano, kisha herufi moja. Herufi tatu za mwanzo zinaonyesha eneo, kwa mfano MUM kwa Mumbai au DEL kwa Delhi, na ya nne ni herufi ya kwanza ya jina la mwajiri. Msingi wake ni kifungu cha 203A cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1961. Kuanzia 1 Aprili 2026 sheria hiyo inaachia nafasi Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2025, na vifungu vinabadilika namba. Kile cha kodi ya mishahara, kwa mfano, kinatoka 192 na kuwa 392. Hapa natumia namba za zamani kwa kuwa ndizo zilizozoeleka vinywani mwa wahasibu. Ukikuta namba nyingine kwenye fomu au kifungu, tazama kazi yake.

Kwanza, jua kama unaihitaji sasa

Kifungu cha 192 kinamhusu kila anayelipa mshahara unaotozwa kodi, awe kampuni kubwa, mwenye duka peke yake au ofisi ya wabia. Hakuna msamaha wa udogo. Kinachoangaliwa ni kama kuna mfanyakazi ambaye mapato yake ya mwaka yanafikia kukatwa kodi.

Hesabu yake inaendana na masikio yetu, kwa sababu Wahindi huhesabu kwa laki kama sisi. Kwa mwaka wa fedha wa 2025–26, chini ya utaratibu mpya wa kodi, laki 4 za kwanza hazitozwi kitu. Mkazi wa India ambaye mapato yake yanayotozwa kodi hayazidi laki 12 hupewa nafuu inayofuta kodi yake yote. Mwenye mshahara hupunguziwa rupia 75,000 kabla ya hesabu kuanza, kwa hiyo mshahara wa hadi laki 12 na 75,000 kwa mwaka hautoi kodi. Kama wafanyakazi wako wote wako chini ya hapo, mishahara yao haikulazimishi kuwa na TAN.

Ila angalia mtu mmoja. Nafuu ile ni ya mkazi tu. Ukimleta kijana kutoka Dar es Salaam ambaye hajawahi kukaa India, akaanza kazi Novemba, hatafikisha siku 182 kabla ya mwaka wa fedha kwisha 31 Machi, na kwa mwaka huo si mkazi. Akilipwa laki moja kwa mwezi kwa miezi mitano, ana laki 5. Toa 75,000, inabaki laki 4 na 25,000, na ile 25,000 inatozwa asilimia 5. Kodi ni rupia 1,250, na nyongeza ya asilimia 4 juu yake inafanya 1,300. Ni fedha ndogo, lakini imetosha kukufanya uhitaji TAN, wakati jirani yake wa mezani anayelipwa kiasi hicho hicho hakatwi chochote.

Mishahara siyo njia pekee. Ofisi ya ubia au kampuni inayolipa pango la zaidi ya rupia 50,000 kwa mwezi, au ada ya mwanasheria au mhasibu inayozidi 50,000 kwa mwaka, inatakiwa kukata kodi ya zuio, na huko nako TAN inahitajika. Namba ni moja kwa makato yote. Usiombe nyingine kwa ajili ya pango.

Tarehe inayowaponza watu

Kanuni ya 114A inasema TAN iombwe ndani ya mwezi mmoja baada ya kwisha kwa mwezi ambao kodi imekatwa. Ukikata Julai, una hadi mwisho wa Agosti. Ukiisoma kanuni hiyo peke yake utalala usingizi, kama tulivyolala sisi. Kodi yenyewe inatakiwa iwe imelipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na hailipiki bila TAN. Makato ya Machi tu ndiyo hupewa hadi 30 Aprili. Kwa hiyo muda halisi ulio nao ni hadi tarehe 7, na barua na uchakataji huchukua siku zao. Mimi sasa huomba TAN wiki ile ile PAN inapotoka, hata kabla barua ya ajira haijasainiwa. Usisubiri mshahara.

Ukichelewa, riba ni asilimia 1.5 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, kuanzia siku uliyokata hadi siku uliyolipa, na mfumo unahesabu miezi ya kalenda. Uliyokata 31 Julai ukailipa 8 Agosti imegusa miezi miwili: asilimia 3 kwa kuchelewa siku moja. Kutoomba TAN kabisa kuna faini yake ya rupia 10,000 chini ya kifungu cha 272BB. Kukata kodi na kutoipeleka ni jambo zito zaidi: kifungu cha 276B cha sheria ya 1961 kimeweka kifungo cha miezi mitatu hadi miaka saba. Sheria inaona hivyo kwa sababu fedha ile si yako tena. Ni ya serikali, nawe umeishika kwa niaba yake.

Kama unafungua kampuni, usiombe mara mbili

Kampuni mpya inayosajiliwa kupitia SPICe+, fomu ya pamoja ya Wizara ya Masuala ya Makampuni inayotumika tangu Februari 2020, hupewa PAN na TAN pamoja na cheti cha usajili. Kabla ya kujaza chochote, soma cheti chako. Nimeona wakurugenzi wanaotafuta TAN na huku imechapishwa mbele yao.

Kuwa na TAN mbili kwa ofisi hiyo hiyo ni kosa. Tawi linalolipa na kukata lenyewe linaweza kuwa na yake. Ikitokea umepewa mbili kwa bahati mbaya, shika moja na uirudishe ya pili kwa fomu ya mabadiliko na masahihisho ya TAN.

Wanaobaki na kazi ya kuomba wenyewe ni mwenye biashara binafsi, ubia, asasi, tawi, na kampuni za zamani ambazo hazikupewa TAN wakati wa usajili.

Kujaza Fomu 49B

Fomu hii ya kuombea TAN hujazwa kwenye tovuti ya Protean eGov Technologies, shirika linalopokea maombi kwa niaba ya Idara ya Kodi ya Mapato. Hadi 2021 liliitwa NSDL e-Governance, na watu wengi bado wanasema NSDL, kwa hiyo ukisikia majina mawili ni kitu kimoja. Fomu ya karatasi pia ipo na hupelekwa kwenye vituo vya huduma vya TIN, nakala mbili, kwa herufi kubwa na wino mweusi. Jina TIN huko lina maana nyingine: ni mtandao wa taarifa za kodi, wala si namba ya mlipakodi ya kwetu. Mimi napendelea ya mtandaoni, maana inakuonyesha kosa kabla hujatuma.

Ukurasa wa kwanza unataka uchague aina ya mwajiri: kampuni, tawi la kampuni, mtu binafsi, ubia, na kadhalika. Chagua kwa uangalifu, kwani sehemu ya jina inayofunguka baadaye inategemea hapo.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye PAN, herufi kwa herufi. Kampuni iandike "Private Limited" kwa ukamilifu, isifupishwe. Mtu binafsi asitangulize cheo wala heshima: Dr, Shri na Smt havitakiwi. Ubia unaojulikana mtaani kwa jina la duka uandike jina lililo kwenye hati ya ubia. Najua inaonekana ni jambo dogo, lakini jina ndilo litakalokaa kwenye kila hati ya kodi ya kila mfanyakazi wako, na kulisahihisha baadaye ni fomu nyingine na ada nyingine.

Anwani lazima iwe ya India, na msimbo wa posta wa tarakimu sita. Ikiwa ofisi yako ni chumba ndani ya jengo la watu, andika namba ya chumba na jina la jengo pia, kwa sababu barua ya TAN inaweza kuja kwa posta. Barua pepe weka ile unayoifungua kila siku, isiwe ya wakala aliyekusaidia. Wakala akihama, mawasiliano ya idara ya kodi yanahama naye.

Utaulizwa pia uraia wa mwombaji, Mhindi au mgeni, cheo cha mtu anayehusika na malipo, na PAN kama ipo. Mgeni asiye na PAN huiomba kwa Fomu 49AA. Nakushauri uipate kwanza.

Msimbo wa afisa wa kodi

Hapa ndipo pa kukaa na kikombe cha chai. Fomu inadai msimbo wenye sehemu nne: eneo, aina ya afisa, kanda na namba ya afisa. Ndio unaoamua ni ofisi gani ya kodi itakayosimamia makato yako. Watu wengi huchukua msimbo ulio kwenye kumbukumbu za PAN yao na kuubandika, na huo ni wa ofisi nyingine. Maofisa wanaoshughulikia kodi za zuio ni tofauti na wanaoshughulikia ritani za mapato, na orodha zao ni mbili tofauti.

Tafuta ndani ya fomu yenyewe ya TAN. Chagua mji wako, orodha ya maofisa itafunguka, na kando ya kila mmoja kuna maelezo ya anaowahudumia: kampuni au wasio kampuni, majina yanayoanza na herufi fulani hadi fulani, au maeneo ya posta. Soma maelezo hayo mpaka upate mstari unaokuhusu kwa aina yako, jina lako na anwani yako. Mji mkubwa kama Mumbai una mistari mingi, usichague wa juu kwa uvivu. Ukibaki na shaka, muulize mhasibu wa mji huo. Ni swali la dakika mbili kwake.

Ada, stakabadhi, bahasha

Ada ni rupia 77, yaani 65 na kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 18 juu yake. Unaweza kulipa kwa kadi, kwa benki ya mtandaoni, au kwa hundi. Ukitumia hundi, andika nyuma yake jina la mwombaji na namba ya stakabadhi. Kwa kampuni, kadi iwe ya mkurugenzi. Kwa ubia, ya mbia. Kwa mtu binafsi, yake mwenyewe.

Ukishatuma, inatoka stakabadhi yenye namba ya tarakimu 14. Ichapishe, na namba uiandike mahali pengine, kwani ndiyo utakayofuatilia ombi kwayo. Watu wengi hufikiri hapo wamemaliza. Hawajamaliza. Stakabadhi hiyo lazima isainiwe na mtu mwenye mamlaka ndani ya kisanduku kilichowekwa, ipigwe muhuri kama mwombaji ni kampuni au ubia, kisha itumwe ofisi ya Protean iliyoko Pune. Anwani ifuate kama ilivyochapishwa kwenye stakabadhi yenyewe, na juu ya bahasha andika kwamba ni ombi la TAN, pamoja na ile namba ya tarakimu 14. Ifike ndani ya siku 15 tangu ulipotuma mtandaoni.

Asiyeweza kusaini anaweza kuweka dole gumba la kushoto, ila lishuhudiwe na hakimu, mthibitishaji wa hati au ofisa wa serikali mwenye mamlaka hayo, kwa muhuri wake. Vyeti vingine havihitajiki. Usikubali mtu akutoze fedha za "kuandaa viambatisho" vya TAN, maana havipo.

Tumia kampuni ya vifurushi inayotoa namba ya ufuatiliaji, usitegemee barua ya kawaida. Baada ya siku chache unaweza kuangalia hali ya ombi kwenye tovuti ile ile kwa namba ya stakabadhi.

TAN ikishatoka

Linganisha kila kitu kwenye barua: jina, anwani, aina ya mwajiri. Kosa lolote, lisahihishe kabla hujalipa kodi ya kwanza.

Kisha jisajili sehemu mbili. Ya kwanza ni incometax.gov.in, kama mkataji na mkusanyaji wa kodi. Hata kama una akaunti ya PAN hapo, hii ni akaunti nyingine yenye nywila yake. Ya pili ni TRACES, tovuti ambako utapakua hati za kodi za wafanyakazi na kuona kasoro za ritani zako.

Malipo hufanywa incometax.gov.in kwa hati ya malipo namba 281. Utaulizwa kama ni ya kampuni au ya wasio kampuni. Kampuni nyingi hujibu "kampuni", na ni kosa, kwa kuwa swali linamhusu anayekatwa. Mfanyakazi wako ni mtu, kwa hiyo jibu ni wasio kampuni, hata kama wewe ni kampuni kubwa kiasi gani. Ukimaliza kulipa, hifadhi msimbo wa tawi la benki wenye tarakimu saba, tarehe na namba ya hati. Bila hivyo vitatu ritani haikamiliki.

Chukua mfano wa meneja wa rupia 150,000 kwa mwezi, yaani laki 18 kwa mwaka. Toa 75,000, inabaki laki 17 na robo. Laki 4 za kwanza hazitozwi. Laki 4 zinazofuata kwa asilimia 5 ni 20,000. Nyingine 4 kwa asilimia 10 ni 40,000. Nyingine 4 kwa asilimia 15 ni 60,000. Laki moja na robo iliyobaki kwa asilimia 20 ni 25,000. Jumla 145,000, na nyongeza ya asilimia 4 inafikisha 150,800. Gawa kwa 12: unamkata karibu rupia 12,567 kila mwezi. Kabla ya hesabu hiyo pata PAN yake. Asiyetoa PAN hukatwa asilimia 20 au wastani wa kodi yake, ipi iliyo kubwa.

Ritani ya mishahara ni Fomu 24Q, kila robo mwaka: 31 Julai, 31 Oktoba, 31 Januari na 31 Mei. Ukichelewa unatozwa rupia 200 kwa siku, ila jumla haizidi kodi iliyokatwa katika robo hiyo. Ile ya Mei ndiyo nzito, kwani inabeba mishahara ya mwaka mzima ya kila mtu.

Kufikia 15 Juni unampa kila mfanyakazi uliyemkata Fomu 16, yaani hati ya kodi aliyokatwa, sehemu yake ya kwanza ikiwa imepakuliwa TRACES. Siku unapompa, mwambie afungue akaunti yake ya kodi na kuangalia taarifa ya Fomu 26AS, ambako kodi aliyokatwa huonekana kwa TAN yako. Kila rupia uliyomtoa kwenye mshahara iwepo. Ikipungua, akuambie siku hiyo hiyo, kabla hajawasilisha ritani yake, ili uirekebishe yako ya 24Q.